Koko iko wapi?

Muke wangu Mélanie haonekani hata mu foto moja ya Bonne Année, ya mwaka mupya, na foto zote ni yeye aliyezipanga.

Aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, miaka makumi tatu. Siku ya foto alisugua mikono na ndimu harufu itoke, akavalisha wajukuu, tukashuka kutoka kwetu Cimpunda mpaka Nyawera kwa Gentil, mupiga-foto. Watoto walisimama mbele ya pazia ya maua. Mélanie alisimama nyuma ya Gentil, akajifunika kikwembe kichwani, akaita: "Koko iko wapi?" Kwetu bibi ni koko, babu naye ni koko. Akifunua uso, watoto wanacheka, Gentil anapiga. Foto inakwenda Kindu kwa binti yetu Virginie, mama yao. Kazi yake iko kule. Watoto tunawalea sisi.

Mélanie alikufa mwezi wa nane. Virginie hakupata njia ya kuja kuzika. Mu simu aliniambia:

"Papa, peke yako utawaweza? Tuma foto ya Bonne Année. Nikiona watoto wamenuna, nakuja kuwatwaa."

Mu nyumba nilibaki na hao wawili tu: Bintu wa miaka saba, na Dany wa miaka tatu.

Siku ya foto mvua ilikuwa imenyesha. Viatu vyao nikavifunga mu kikwembe ya Mélanie sababu ya matope, nikawavalisha kwa Gentil. Dany alikuwa analia, anapiga mateke.

"Papa, huyu mutoto anaingia ao anatoka?" Gentil akauliza. Kiatu cha kushoto kilikuwa ku mugulu wa kuume. Dany hakukubali nimuguse tena.

"Dany, sema fromage, tuone meno!"

"Hapana!"

Foto ya kwanza, kinywa wazi na machozi. Ya pili, mugongo. Ya tatu, Bintu mwenyewe amenuna, amechoka kumuvuta.

"Murudi kesho, Papa."

"Kesho atakuwa mutoto mwingine?"

Bintu akaniangalia. "Koko, alizoea ile ya kikwembe."

Nilijua. Tangu maziko sikusema yale maneno. Niliogopa atakachojibu.

Nikasimama nyuma ya Gentil, nikajifunika. Mule ndani mulinuka ndimu.

"Koko iko wapi?"

Nikafikiri, sasa atasema: ku makaburi.

"Iko pale!" Dany akapiga kelele. "Ndevu inaonekana!"

Nikafunua. Bintu alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko. Dany alikuwa ananionyesha na kidole, machozi bado ku mashavu, meno yote inje. Gentil alikuwa amekwisha kupiga.

"Lakini hawaangalie ku appareil ya foto," Gentil akasema. "Tupige ingine?"

"Tuma hiyo."

Hata mu zile za zamani hawaangalie ku appareil. Wanaangalia pale Mélanie alikuwa anasimama.

Kesho yake Virginie akapiga simu.

"Papa, nani aliwachekesha hivi?"

"Koko."

Nikasikia anapenga kamasi.

"Papa."

"Mm."

"Viatu vya Dany viko kinyume."

"Najua."

"Masomo ya Bintu kule kwenu inaanza tena tarehe saba. Asichelewe."