Kaseti za Jamaa wa Goma

Mtu akiniuliza nilifanya kazi gani Gisenyi mwishoni mwa miaka ya tisini, namjibu kwamba nilikuwa napiga muziki wa ngumi. Niliupiga kwa kinanda cha umeme, nimekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya televisheni, katika ukumbi wa video wa Mbugangari.

Mambo yalikuwa hivi. Filamu za mapigano zilikuja kwa lugha ambazo watu wetu hawakuzijua, kwa hiyo ukumbi ulikuwa na mfasiri. Asubuhi alikuwa fundi cherehani. Mchana alishika maikrofoni na kueleza kila kitu kwa Kinyarwanda kilichochanganywa na Kiswahili. Ili asikike, sauti ya filamu ilipunguzwa kabisa, na muziki wake ukapotea humo humo. Watu wakawa wanafukuzana kwenye kioo kimya kimya, fundi wetu akisema peke yake. Ndipo mwenye ukumbi akanichukua mimi, mpiga kinanda wa kwaya, niweke vitisho chini ya maneno yake.

Kazi ile niliipenda mno. Mkono wa kushoto ulishikilia noti nzito za chini, wa kulia ukabonyeza ngoma ya kinanda kwa kasi ya mwisho. Mfasiri akipandisha sauti, napanda naye, akishuka, nashuka. Watu wakitoka walimsifu yeye, nami nikijigawia nusu ya sifa bila kuomba ruhusa. Kiti changu kiligusana na chake, na mjini pale sikuwa na kingine cha kujivunia.

Basi akaja jamaa wa Goma. Alikuwa shemeji wa mwenye ukumbi, mtanashati, miwani ya jua hata ndani ya nyumba, mkoba wa kaseti begani. Muziki uliokuwa kwenye kaseti alikuwa ameutengeneza mwenyewe kwa mashine, chumbani kwake. Haukuwa na mwimbaji wala gitaa. Ulikuwa chuma kikigonga chuma, besi inayonguruma, ngoma za haraka, kisha mlio mmoja unaopanda na kupanda mpaka unataka kutoka mbio. Alisema ni wa filamu za mapigano tu. Nikamuuliza ni nani atakaa nyumbani kwake asikilize kitu kama kile.

Akacheka. "Hakuna mutu. Hii iko ya kuogopesha watu."

Mchana uleule wakaujaribu. Mfasiri akanigeukia. "Bon, ndugu yangu, leo we pumuzika kidogo. Tusikie hii ya jamaa."

"Mpaka lini?"

"Sha, kidogo tu."

Kidogo hiyo haikuisha. Kila mchana nilikuja na kinanda mgongoni, nikarudi nacho nyumbani Nengo bila kukifungua. Roho ilinichoma. Sitaupamba kwa jina lingine: ulikuwa wivu, ule wa kula sambaza, visamaki vya ziwani, bila kujua kama vimetiwa chumvi. Niliichukia miwani yake. Nilichukia alivyomwita mfasiri "muzee" na mfasiri akachekelea, wakati mimi nilimwita hivyo hivyo na hakugeuza hata shingo.

"Yewe, unakasirikia kaseti?" mama aliniuliza. Nikamwambia kaseti haikunikosea kitu.

Nilijifariji kwamba jamaa atakwama. Mfasiri wetu alikuwa na mtindo wake: katikati ya mapigano huacha hadithi na kumtania mtu wa mstari wa mbele, mara koti lake limeshonwa na adui, mara mkewe yuko mlangoni anamtafuta. Mimi nilijua kumngoja. Kaseti haimngoji mtu. Nikasema siku atakapotania, ngoma zitamfunika, watu watazomea, na mwenye ukumbi atatuma mtu Nengo kuniita.

Jumamosi moja nikalipa kiingilio kama mteja, nikakaa benchi la nyuma. Siku hizo filamu zilianza mapema. Usalama ulikuwa mdogo na kila mtu alitaka kuwa kwake kabla ya giza. Kwenye kioo jambazi alikuwa amekimbilia ndani ya ghorofa, shujaa yuko nyuma yake kwenye ngazi.

"Sasa huyu anapanda," mfasiri akaanza, "na ule mwingine iko juu, anamungojea na kisu."

Jamaa wa Goma akabonyeza kitufe. Besi ikaja kupitia mbao za benchi. Niliisikia makalioni kabla ya masikioni, na nilikasirika kwamba nimeisikia. Mama mmoja muuza nyanya, aliyekaa mbele yangu, akamshika mkono jirani asiyemjua. Nikangoja ule utani. Nikamwona mfasiri akimtazama mtu wa mstari wa mbele, mdomo umeshafunguka, nami nikajiinua kidogo ili aibu yao isinipite.

Akaufunga mdomo. Akaweka maikrofoni mapajani, akakunja mikono, akatazama televisheni kama sisi wengine, na muziki ukapanda ngazi zile peke yake mpaka mlango wa juu ukavunjwa. Ukumbi mzima ukapiga kelele, naye akapiga nao.

Miaka miwili nilikaa ubavuni mwa mtu yule nikimpigia kinanda, na hakuwahi kunyamaza hata mara moja ili watu wanisikie.