Nyenje Mpole Amekula Mayai

Walimu wenzangu, nabandika haya ubaoni kabla ya chai: nyenje amekula mayai ya maonyesho ya Jumamosi.

Nyenje mama mwenye mayai hayo alikuwa akiuma kila kidole kilichokaribia debe lake.
Basi nikayahamishia kwenye debe la nyenje jike mwingine, mpole, ambaye hajawahi kukutana na dume.

Mpole huyo akayagusagusa, kisha akaanza kula.

Mwalimu Rebeka akacheka: "Mwalimu, umempa msichana watoto wa wenyewe, ukategemea alee?"

Nikamrudishia mama yaliyosalia.
Akayakusanya, akasimama juu yake, akaniuma tena.

Majike hao niliwachimbua wakiwa wachanga katika shamba moja kule Kiamunyi; tofauti yao ni dume tu, niliyemwekea mama peke yake.

Wazazi wakifika Jumamosi, mnashauri tuwaonyeshe debe lipi?
Mimi nachagua lile lililonivimbisha kidole.