Ile series ya maajenti wa federal: mimi niliisifia, mwenzangu ikamkatisha simu kwa mama yake

Wakuu, heshima zenu, wakubwa kwa wadogo.

Juzi nimeona mwenzetu kafungua uzi anaomba maoni kuhusu ile series ya documentary ya maajenti wa federal wa Marekani, ile ya kesi za kweli. Watu wameimwagia sifa kweli kweli. Nilianza kuandika comment ya mistari miwili, nikajikuta nimejaza page nzima, nikaona bora nifungue wangu.

Ninayoandika hapa yalitokea mbele ya macho yangu na mengine niliyasababisha mimi. Jina la mhusika tu ndo nimebadilisha. Ni marefu, mwenye haraka asome kesho.

Maoni yangu kwanza. Series ni tamu, sibishi. Ule muziki wa chini chini, yule msimulizi mwenye sauti nzito, ajenti mstaafu na tai yake anaeleza walivyookota unyuzi wa zulia wakampata muuaji. Ukianza episode moja huwezi kunyanyuka hata chai ikichemkia jikoni. Nimeiangalia zaidi ya miaka miwili na sasa hivi siwezi kuvumilia hata dakika tano.

Sasa nieleze kwa nini.

Mwaka 2002 nilikuwa London, Neasden, mitaa ya nyuma ya lile hekalu kubwa la Wahindi. Nyumba tulikuwa tunashare watu watatu. Chini alikaa Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu, anafanya care kwenye nyumba ya wazee. Juu mimi, mtu wa Morogoro, muosha vyombo kwenye café ya Mwarabu mmoja Edgware Road. Chumba cha pili huko juu alikaa Faki, kijana wa Pemba, aliyekuja baada ya mambo ya uchaguzi kuchafuka kwao. Aliomba asylum, akakataliwa, akawa anasubiri appeal.

Kuna jambo lazima mlijue mapema. Kwenye interview, Faki aliwaambia watu wa immigration kwamba mama yake amekufa. Walimshauri waliotangulia, eti ukiwa na mzazi hai watasema una pa kurudi. Mama alikuwa hai, yuko Wingwi huko Pemba, na Faki alikuwa anampigia kila Ijumaa akitoka msikitini. Bi mkubwa hakuwa na simu. Unapiga duka la jirani, wanakwenda kumwita, unakaa robo saa, unapiga tena.

Mimi nilikuwa nalijua hilo la interview. Aliniambia mwenyewe, na nikamuahidi halitatoka mdomoni mwangu.

Jumapili mchana ilikuwa siku ya series. Tunakaa kwa Mama Furaha kwa sababu ndo mwenye TV kubwa, yeye anakunja nguo, Faki kajibanza kwenye kona ya kochi, na mimi natafsiri na kutoa uchambuzi ambao hakuna aliyeniomba. Wakuu, nilikuwa mjuaji. Ajenti kabla hajafungua mdomo mimi nishasema atafanya nini. Nilikuwa natamka fingerprint na wiretap kama vile nimesomea chuoni kwao.

Mama Furaha yeye hakuvutiwa hata siku moja.

"Banatuonyesha tu bale balishika," alisema siku moja. "Bale balibaponyoka, filme yabo iko wapi?"

Nikamcheka. Nikamwambia mama, hii ni science, siyo polisi wa kwenu asiye na hata bic ya kuandikia. Akanitazama, akaendelea na nguo zake. Kwa kweli sijawahi kusikia maoni bora kuliko yale kuhusu series yoyote, na nilimcheka.

Basi ikaja episode ya yule jamaa aliyejificha miaka mingi. Kabadilisha jina, kafuga ndevu, kaoa mke mwingine, kila kitu kakaa sawa. Wakamnasa kwa sababu alimpigia mama yake.

Faki akageuka. Kwa kawaida haongei wakati wa series.

"Yakhe, simu moja tu yatosha?"

"Moja inatosha," nikamwambia. "Wakipata dakika tatu tu wanakuona mpaka rangi ya soksi."

"Na hapa Uingereza?"

"Hapa ndo kabisa. Hawa na Wamarekani ni kitu kimoja. Na sauti yako wakishairekodi basi, hata ukibadilisha jina wanakujua."

Msiniulize nilitoa wapi hayo. Nilikuwa nafurahia tu kuulizwa. Suala la mama yake halikunipitia kichwani hata kidogo, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kuanzia wiki ile Faki akabadilika. Alichomoa waya wa simu ya nyumbani akasema inamuumiza kichwa. Akawa anarudi kutoka kazini kwa njia tofauti kila siku. Akikaa anasimama, akisimama anakwenda dirishani, anafunua pazia kwa kidole kimoja anaangalia magari. Gari la fundi wa gesi likipaki nje, yeye hali chakula. Nilidhani ni stress za appeal. Tulikuwa wote na stress pale, hakuna aliyemfuatilia mwenzake.

Ikapita miezi minane.

Siku moja nikiwa kazini, nakusanya vikombe, mgeni mmoja wa makamo mwenye kanzu akanisikia nikijiongelesha kwa Kiswahili. Alikuwa mtu wa Pemba anayeishi Muscat, yuko London kwa matibabu, na ndo kwanza katoka kuwasalimia ndugu zake kisiwani. Tukafurahiana sana. Nikamwambia nakaa na Mpemba mwenzake, kijana wa Wingwi.

"Wingwi wa nani?"

Nikamtajia jina la Faki na la baba yake.

Akaweka kikombe chini.

"Huyo mbona tumemsomea hitma," akasema. "Mwezi ulopita. Mie mwenyewe nilikuwepo."

Wakuu, nilikaa kwenye kiti cha mteja na bosi ananiangalia. Yule bwana akanieleza. Kuna mtu alileta habari kwamba kijana wa Kipemba kafia Ulaya, jina halikujulikana. Faki alikuwa hajapiga simu muda mrefu, wakajumlisha wenyewe. Mama alikataa kwa muda, mwisho akakubali hitma, kisomo cha marehemu, isomwe. Tangu siku ile hali chakula vizuri. Anashinda amelala, akisikia mtu barazani ananyanyua kichwa.

Nilimkuta Faki jikoni. Nikamwambia yote bila kupunguza. Alishika ukingo wa sinki, akasema hawezi kupiga.

"Siye wewe ulonambia dakika tatu?" akaniuliza.

Nikaapa kwamba nilikuwa naropoka. Hakuniamini. Nikagundua kumbe kuongopa ni rahisi kuliko kuufuta uongo wako mwenyewe kwa mtu aliyeukubali. Mama Furaha akaja akamsema kwa ukali mpaka akalia, na yeye ndo aliyepata njia. Akamwambia kama unaogopa simu ya hapa, nenda kapige mbali.

Jumamosi mchana tukatoka, mimi na yeye, na calling card mfukoni.

Phone box ya Neasden akaikataa, ni karibu na nyumbani. Tukapanda train ya Jubilee line. Wembley Park kuna camera. Kingsbury kulikuwa na mzungu ndani ya van anasoma gazeti, Faki akasema gazeti halifunguliwi ukurasa, tukarudi kwenye train. Queensbury box yenyewe mbovu. Canons Park tulishuka, akanyanyua kabisa mkono wa simu, askari mmoja akapita zake na sandwich yake, Faki akarudisha simu. Mimi nilikuwa nimeshachoka na hasira zimenijaa, ila nani wa kumkasirikia? Kila alichokuwa anakiogopa, mwalimu wake ni mimi.

Stanmore ndo mwisho wa line. Nikamwambia hapa hakuna mbele tena, ama unapiga ama unampoteza mama yako.

Tukaingia wote wawili kwenye box moja. Akakataa kuongea, sauti itarekodiwa. Basi nikapiga mimi. Mwenye duka nikamwambia natoka London, namtaka mama yake Faki. Akasema nipige baada ya robo saa. Ile robo saa Faki aliizunguka ile box sijui mara ngapi.

Nikapiga tena.

"Nani mwenzangu?" Sauti ndogo, ya mtu aliyetembezwa mpaka pale.

Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni rafiki yake Faki, na Faki yuko mzima.

"Marahaba, mwanangu. Mungu akulipe kheri," akasema. "Kila mtu anambia maneno ya kunliwaza."

"Mama, siyo kukuliwaza. Niko naye hapa."

"Kama yuko, naanene japo neno moja."

Faki alikuwa kagandisha sikio lake kwenye simu upande wa pili, machozi yanashuka mpaka kwenye mkono wangu. Nikamsukumia simu. Akatazama nje, kulia, kushoto. Akatazama saa.

"Mama, ni mie."

Halafu nikasikia kule dukani mama anaita watu majina yao mmoja mmoja, waje wasikie. Watu wakapiga kelele, kuna mwanamke akapiga kigelegele. Mama akarudi kwenye simu, anacheka na kulia, akaanza kumuuliza, "Wala nini huko, mwanangu, na hiyo baridi una..."

Faki akakata.

Dakika mbili na sekunde hamsini. Alinionesha saa. Kwenye train ya kurudi alikuwa na furaha ambayo sijawahi kuiona, ananipiga piga bega, ananiambia hawakuwahi, yakhe, hawakuwahi. Nami nilikuwa naangalia dirishani kwa sababu sikujua niweke wapi uso wangu.

Baada ya hapo alimpigia mara nne tu, kwa miaka miwili. Kila mara alikwenda Stanmore, na saa mkononi, na kila mara alikata mama akiwa katikati ya sentensi. Bi mkubwa alifariki mwaka 2004. Safari hii hitma alisomewa yeye.

Mwaka uliofuata Faki akapata makaratasi. Lawyer akamwambia ana haki ya kuomba nakala ya file lake lote. Akaliomba mara moja. Alitaka kuona wapi walimkosa kosa, ndivyo alivyosema, na alisema kwa majivuno kidogo.

Likaja kwenye bahasha nene. Jumapili mchana tukakaa kwa Mama Furaha, TV imezimwa, mimi nasoma na kutafsiri ukurasa kwa ukurasa. Barua za kubadilisha address. Fomu ile ile imepigwa copy mara tatu. Notes za interview. Kisha kuna kipindi kirefu hakuna kitu kabisa, barua ya kabla yake na inayofuata zimepishana zaidi ya mwaka. Kipindi hicho ndicho tulichokuwa tunahangaika na van na magazeti.

Hakuna simu. Hakuna Stanmore. Hakuna aliyemsikiliza wala aliyemfuata.

Akaniambia nisome tena, labda nimeruka. Nikasoma tena mpaka mwisho. Mama Furaha aliweka nguo chini akakaa.

Faki alizipanga zile karatasi vizuri, akazirudisha kwenye bahasha.

"Kumbe ningempigia kila Ijumaa," akasema.

Hakunilaumu, siku ile wala baadaye. Ningefurahi kama angenilaumu.

Basi wakuu, maoni yangu kuhusu ile series ndo hayo. Kama unaiangalia sebuleni kwako na huna unachokificha, burudika. Ila ukiwa umekaa na watu, usijifanye mtaalamu. Humjui aliyekaa kwenye kona ya kochi anakusikiliza kwa shida gani.

Mwenye kuiona tofauti aseme, hata kunitukana ruksa. Na kama kuna mtu hapa ameacha kupiga simu nyumbani kwa sababu ya maneno ya mjuaji fulani, naomba apige kwanza, ndipo aje ku-comment.