Mazishi ya Mama Waiyego, Mtu Ambaye Hakuwahi Kuzaliwa

Mazishi yalikuwa na hema, kwaya ya kanisa, masufuria ya pilau na watu waliokuja kutoka mjini Eldoret na nguo zao nyeusi.

Kitu kimoja tu kilikosekana.

Marehemu.

Na kati ya watu wote pale, mimi na Wamucii tulidhani ni sisi tu tunajua kwa nini. Huyo mama hakuwahi kuzaliwa.

Tulia nikupe stori. Usicheke kabla sijamaliza.

Naitwa Hamza. Nauza kava na chaja za simu kwa duka la mjomba wangu, hapa Eldoret. Wamucii ni beste yangu tangu shule. Anakaa mtaa wa Munyaka kwa mama yake, na kichwa yake inachemka saa zote. Mambo ya kompyuta alijifunzia kwa video za bure.

Siku moja akaingia dukani na laptopu yake ya mtumba, ile ukichomoa waya inazima hapo hapo.

"Hamza, nataka tujenge mtandao wetu."

"Wa nini?"

"Wa watu wa hapa. Jirani aongee na jirani. Saa hii unajua harusi ya mtu wa Brazil, na hujui mlango wa pili kuna msiba."

Nikaona ana pointi. Shida ilikuwa doo. Zile tulikuwa nazo zingenunua mbuzi, tena mbuzi mgonjwa.

Lakini Wamucii hajui kuambiwa haiwezekani. Programu akachukua ile watu huachia mtandaoni yeyote aitumie, akaikatakata mpaka ikafanana na kitu yetu. Mahali pa kuiweka akakodi pale bei iko chini kabisa, mnagawana kompyuta moja na websaiti zingine kibao. Ukiweka picha kubwa, inakohoa. Nembo alichora na kidole kwa simu. Intaneti ilikuwa ya duka, na mjomba akiuliza mbona bando inaisha haraka, tunaangaliana.

Tukaiita Jirani.

Tukaifungua kwa mbwembwe zote. Wakajiandikisha mimi, Wamucii, mama yake, na jamaa fulani wa kuuza dawa ya nywele ambaye hata si mtu. Ni roboti.

"Watu hawaingii hoteli haina watu," nikamwambia. "Hata chapati ikuwe tamu aje."

Wamucii akacheka kile kicheko chake, kile nikikisikia naanza kutafuta mlango.

"Basi tuweke mteja."

Ndiyo Mama Waiyego akatokea. Mjane. Mkulima wa waru, yaani viazi, kule Ainabkoi nje ya mji. Ng'ombe wanne na mdomo kama wembe. Picha yake ilikuwa gunia la waru.

Posti yake ya kwanza: "Nyinyi watu wa mjini mnaogopa matope na chakula chenu chote kimetoka kwa matope. Habari zenu."

Manze! Sijui nani alimwambia nani, lakini watu wakaanza kuja.

Mwanamke mmoja akauliza afanye nini, mzee wake anarudi nyumbani saa yoyote akijisikia. Mama Waiyego akamjibu: "Pika mapema, kula, funga mlango, lala. Atanunua saa."

Komenti zikamiminika kama mvua ya Aprili.

Kulikuwa na mama mmoja wa mitumba mjini, Selpha. Alikuwa amekosana na binti yake Brenda mpaka hawaongei. Akamwandikia Mama Waiyego inbox, akamwaga moyo wote. Akajibiwa: "Piga simu. Usiulize makosa. Uliza amekula nini."

Selpha akapiga. Wakalia wote wawili kwa simu. Kutoka siku hiyo alikuwa anamwita Mama Waiyego dada.

Halafu kulikuwa na mwingine, anajiita Kijana wa Zamani. Huyo kazi yake ilikuwa kumchokoza Mama Waiyego kila asubuhi.

"Waru zako ni kama wewe, zimejaa macho ya kuchungulia watu."

"Zikikosa macho zitakuwa kama wewe. Haziwezi kuota."

Watu walikuwa wanaingia Jirani kabla ya kunywa chai, waone leo nani amechapwa. Wamucii alikuwa anaandika yale majibu akicheka mpaka anashika tumbo. Mimi pia.

Sasa, uongo ni kama ndama. Unaulisha ukicheza, siku moja unakuburuta.

Selpha akaandika: "Dada, Jumapili nakuja Ainabkoi na kuku. Nielekeze kwako."

Wengine wakadandia. Hata sisi tunakuja! Tupande gari pamoja! Redio moja ya hapa ikauliza kama mama anaweza kuongea hewani.

Wamucii akafunga laptopu polepole.

"Itabidi amekufa."

"Wamucii! Mtu haui mama hivyo."

"Si mama, Hamza. Ni paswadi."

Akaandika kwamba mama yetu mpendwa ametuacha baada ya kuugua kwa muda mfupi, na familia inaomba kuachwa iomboleze kimya. Tukajua watu wataandika pole, waweke mshumaa, waendelee na maisha.

Tulisahau tuko nchi gani.

Chai haijapoa, kamati ya mazishi ikawa imeundwa. Mwenyekiti yuko. Wa usafiri yuko. Wa chakula yuko, na ameshagombana na wa usafiri. Mteja akaingia dukani kununua chaja akilia. Nikamuuliza kuna nini. "Tumepoteza mama mmoja wa Ainabkoi," akasema. Nikampunguzia bei. Ningefanya nini?

Tukasema bora hakuna boma ya kwenda, watachoka.

Ndipo Kijana wa Zamani akaandika.

"Mimi ni shemeji ya marehemu. Mazishi ni Jumamosi, nyumbani kwangu Ainabkoi. Wote karibuni. Wenye mtandao wa Jirani wasikose."

Nikasoma mara mbili.

"Wamucii, marehemu ana shemeji?"

"Hana hata pua! Shemeji atoke wapi?"

Tungeweza kuzima simu. Lakini ukiambiwa usikose na mtu ambaye anajua kitu hujui, miguu inaenda yenyewe.

Jumamosi Ainabkoi ilikuwa na ukungu na baridi ya kuuma masikio. Tulipofika tukapokelewa na mzee mrefu, koti kubwa, kofia ya manyoya.

"Naitwa Mungai. Nyinyi ndio wa Jirani?"

"Ndio, Mzee."

"Kaeni mbele. Na wewe msichana, utatusomea historia ya marehemu."

Nikaona Wamucii amekauka kama kuni. Nikatafuta kaburi kwa macho, nisione. Hakuna jeneza; watu walidhani liko njiani. Hakuna picha. Kwaya tu, inaimba kama imelipwa.

Wamucii akaitwa. Akashika maiki.

"Mama Waiyego alizaliwa..."

Akakwama.

Mimi namjua Wamucii. Angeweza kumpa yule mama babu, nyanya, shule na ubatizo, na watu wangelia. Lakini mstari wa mbele alikuwa amekaa Selpha, leso machoni, kuku miguuni amefungwa kamba.

"Alizaliwa kwa duka la simu," Wamucii akasema. "Mimi ndio nilimzaa. Na mimi ndio nimemuua. Hakukuwa na mtu. Ni mimi nilikuwa naandika."

Ng'ombe mahali fulani akalia.

Selpha akasimama, akaja mpaka akamkaribia uso kwa uso.

"Kwa hivyo mambo ya Brenda, yale yote, nilikuwa naambia nani?"

"Mimi, Mama."

"Wewe? Mtoto mdogo hivi?"

"Ndio, Mama. Nisamehe."

Hakumchapa. Heri angemchapa. Aligeuza kiti chake, akakaa akitupatia mgongo.

Hapo ndipo watu wakalipuka. Huyu anataka nauli yake, yule anauliza polisi wako wapi, mwenyekiti wa kamati anapiga kelele kuliko wote. Nikaanza kupima ua nione nitaruka wapi.

Mzee Mungai akachukua maiki.

"Nyamazeni. Mimi nimezaliwa hapa na nimezeekea hapa. Hakuna mjane wa Ainabkoi ambaye sijui boma yake. Nilijua ni uongo kutoka siku ya kwanza."

Watu wakaangaliana.

"Mke wangu alipofariki, nyumba hii ilinyamaza. Watoto wako mbali, wananitumia hela, lakini hakuna anayenigombeza. Huyu wa uongo alikuwa ananitukana mimi, Kijana wa Zamani, kila asubuhi. Nilikuwa naamka nikikimbilia simu. Halafu msichana akamuua bila kuuliza sisi tutabaki na nani. Nikasema, sawa. Kwetu aliyeua huja kwa mazishi. Nikachinja kondoo, nikaita kwaya."

Akamgeukia Wamucii.

"Umezika?"

"Nimezika, Mzee."

"Basi pilau inapoa."

Mama mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka. Kicheko kikapita hema nzima kama moto wa nyasi. Si wote walicheka. Wengine waliingia magari wakaondoka na hasira zao, na walikuwa na haki.

Waliobaki walikula. Na hapo nikaona kitu. "Ati wewe ndiye Mpenda Githeri? Nilidhani una ndevu!" Wamama wawili waliokuwa wakibishana kwa Jirani kila jioni wakagundua wanakaa ploti moja Munyaka na wanachota maji bomba moja.

Sitakudanganya. Tuliporudi mjini, karibu nusu ya watu walikuwa wamefuta akaunti. Selpha alikuwa wa kwanza. Wamucii akaenda kibandani kwake kumuomba msamaha, akafukuzwa. Akaenda tena, akanyamaziwa. Akaenda tena, akaambiwa kama hana kazi ashike upande ule wa beli la nguo wafungue. Akashika.

Jirani ilikaa baridi kwa muda mrefu. Sasa akaunti hufunguliwa ukija na jirani mwingine anayekujua kwa uso. Tunakua polepole kama kahawa, lakini wote ni watu.

Mzee Mungai yuko. Wamucii alimuuliza siku ile ya mazishi, tukiagana, sasa atakuwa anamchokoza nani.

"Wewe," mzee akasema. "Na ujibu kwa jina lako."

Na asubuhi moja mtu mpya akaingia, picha yake mwenyewe, amesimama mbele ya nguo zake za mitumba, hajatabasamu.

"Ni mimi Selpha. Nani ako na sukuma wiki ya kupika leo?"

Wamucii aliweka kichwa kwa meza ya duka, akalia hadi mjomba akatoka nje kuangalia kama kuna mtu amekufa.

Kwa hivyo wewe unayejenga kitu kidogo na huna pesa, skiza. Kukosa pesa si aibu, na kukosa watu si kifo. Lakini ukiita watu kwa uongo, jua kuna siku watabisha hodi, na ni wewe utafungua mlango.