Konzi ya Kadogo

Wazo la kitabu lilikuwa langu, kwa hiyo lawama nazo ni zangu. Nilinunua daftari kubwa la jalada gumu hapa Nakuru, nikanunua gundi na makasi, nikawatangazia ndugu zangu kwamba kila mmoja alete anachokumbuka kuhusu chakula cha nyumbani. Walileta, siwezi kukataa. Kaka yetu mkubwa alileta picha ya baba akiwa amekaa juu ya gogo kwenye kiwanda cha mbao cha Elburgon, birika la chai liko miguuni. Dada yangu aliandika ukurasa mzima juu ya chapati za Krismasi, uongo mtupu, maana hakuwahi kukanda unga hata siku moja. Yeye alikuwa fundi wa kula. Niliubandika hivyo hivyo.

Kilichokosekana ni mukimo wa mama, mahindi na viazi vya kupondwa pamoja na majani ya malenge, na huo ndio niliokuwa nautaka. Hayo mengine yalikuwa mapambo. Mama alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau miwani, kama sisi sote, kisha akasahau kwamba baba tulishamzika, akawa anauliza mbona amechelewa kutoka kazini. Nikajiambia nikiwahi kuuandika mukimo kabla haujamtoka, kuna kitu tutakuwa tumekiokoa. Ukweli ni kwamba nilitaka zaidi ya hapo. Nilitaka nikae naye jikoni aniite mwanangu, kwa sababu kwenye simu alikuwa ameanza kuniuliza ninamtafuta nani.

Nilifika Elburgon Ijumaa asubuhi, na baridi yake ile ya kukata masikio. Msichana anayemtunza mama alikuwa anafua nyuma ya nyumba. Mama mwenyewe alinipokea mlangoni kwa heshima zote.

"Karibu, mama," akasema, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Nikajifanya sijasikia. Nilijiambia ni mzaha, au ni kunibembeleza tu, mbona wazazi wengi huwaita binti zao mama. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Jikoni hakuwa amesahau kitu. Kwetu tunapikia jiko la vumbi la mbao. Unachukua debe lililotobolewa ubavuni, unasimamisha chupa katikati, unashindilia vumbi kuizunguka mpaka liwe gumu, kisha unaichomoa chupa ili libaki shimo la kupitisha moto. Ukiichomoa kwa pupa, vumbi lote linaporomoka na unaanza upya. Mikono yake hutetemeka akishika kikombe cha chai, lakini chupa ile aliichomoa kama anayemshusha mgongoni mtoto aliyelala. Nikaandika kila hatua, nikiwa nimechuchumaa kando yake, nikaona safari yangu imelipa.

Mambo yalikwama kwenye vipimo. Nilikuwa nimebeba kikombe cha kupimia, kile chenye mistari ubavuni, nikamwomba atie mahindi humo kwanza kabla ya kuyamwaga sufuriani. Alikigeuzageuza, akakiweka chini mbali na yeye.

"Kwani watu wako wanakunywa mahindi?"

Nilicheka mpaka kalamu ikaanguka. Huyo ndiye mama yangu. Yeye hupima kwa konzi, mkono uliofumbwa, na utotoni konzi tulizijua za aina mbili, ya sufuriani na ya utosini, na zote alizitoa bila ubahili.

Sasa nikamwacha apime apendavyo, nami nikatega sikio. Hakuwa anahesabu kwa namba. Kila konzi ilikuwa na mwenyewe. Akasema hii ni ya baba yao, akaongeza nyingine juu yake kwa kuwa mtu wa magogo hashibi upesi. Ya kijana mkubwa. Ya msichana yule mlafi, na hapo nilitamani dada yangu angekuwepo asikie. Kisha akakunja mkono nusu, akadondosha punje chache polepole.

"Na hii ya kadogo."

Kadogo ni mimi. Nina mvi, na watoto wangu wameshanipita urefu, lakini nyumbani kwetu kadogo ni mimi, kitinda mimba. Moyo ulinijaa furaha hadi nikashindwa kuandika. Nilifuta macho nikasingizia moshi, kisha nikaandika kwamba konzi ya kadogo haijai kwa sababu hamalizi chakula.

Sufuria ilikuwa imejaa kiasi cha kulisha matanga, na nyumbani tulikuwa watu watatu. Nikamshauri apunguze kidogo. Mama akanitazama, mkono ukiwa bado ndani ya mahindi.

"Nitoe ya nani?"

Tulichemsha yote. Mchana tukatia viazi na majani ya malenge, akaponda mwenyewe kwa ule mwiko mnene, akakataa kusaidiwa.

Alipopakua, mimi alinipa sahani ya kwanza, imerundikwa kama anavyopewa mgeni. Kisha akachukua kibakuli kidogo, akapakua kiasi, akakifunika kwa kisahani na kukiweka karibu na moto. Nilijua ni changu. Nikanyoosha mkono nikichukue, nikicheka, na mama akanikamata kifundo cha mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Hiyo wacha, mama. Ni ya mtoto wangu. Ako shule."

Nikamwambia, "Mama, ni mimi."

Alinitazama vizuri, kwa huruma, kama anavyotazamwa mtu aliyechanganyikiwa kwa msiba. Akanieleza kwa upole kwamba mtoto wake bado ni msichana mdogo, na kwamba nisione haya, nile nishibe, chakula ni kingi. Nikala. Sijaandika mukimo ule ulikuwa na ladha gani, kwa sababu sijui.

Jioni, watoto wa shule walipoanza kupita barabarani, mama aliinuka akaenda langoni. Nilimfuata na shuka, nikamfunika mabega. Watoto walipita na masweta yao ya kijani, makundi kwa makundi, kisha wawili wawili, kisha hapakuwa na mtu tena. Mama aliendelea kutazama upande wa shule. Wasiwasi ulikuwa umemwingia. Niliuona kwenye vidole vyake vilivyokuwa vikisokota ncha ya shuka.

"Wewe umetoka huko barabarani," akaniambia. "Hukumwona?"

"Nimemwona," nikasema. "Anakuja."

Akanishukuru, akasogea kunipa nafasi, tukasimama pale langoni mimi na mama tukinisubiri.