Punje Iliyoota Ulimini Mwangu

Nilipokuwa bado nang'oka meno ya utotoni, miaka michache baada ya uhuru, niliota kijivimbe ulimini, upande wa kushoto, kama punje ya mahindi. Hakikuuma. Nilikuwa nakaa na Bibi huko Buhinyuza, sisi wawili tu, maana mama alikuwa amefariki na baba alikuwa fundi cherehani mtaa wa Yoba, mjini Gitega.

Wazee wetu waliamini kwamba punje ya namna hiyo humwota aliyeapa uongo. Bibi alinisimamisha mlangoni penye mwanga, nikatoa ulimi. Kwa bahati yangu mbaya akapita jirani yetu Nestori, mnunuzi wa nguruwe, akachungulia bila kuitwa.

"Hii naijua," alisema. "Mbele ya kununua nguruwe tunaivuta ulimi, tunapapasa. Ikiwa na punje kama hii, hatununue."

Alisema kwa wema kabisa, na ndiye aliyenimaliza. Bibi alingoja aondoke.

"We mtoto, ulikula nguruwe kwa nani?"

"Mi sikukula, Bibi. Wallahi sikukula."

"Unaapa tena? Ndiyo maana inaota."

Nikikana, naapa uongo. Nikikubali, nimekula haramu. Tangu siku hiyo nilikula peke yangu, kwenye bakuli la bati. Bibi huyu alikuwa ananiamini nikimdanganya kwamba nimeosha miguu, na sasa nasema kweli hataki kunisikia! Iliniuma sana. Mwishowe nilianza hata kujishuku, nikazipitia kichwani nyumba zote nilimowahi kula.

Baba alipopata habari alitupeleka hospitali Gitega. Daktari alikuwa mama mnene, mpole wa sauti. Alikibonyeza kile kijivimbe, akauliza kama huwa naanguka kifafa au naumwa kichwa, akanichoma sindano ya ganzi, akakikata. Kilitoka kifuko cheupe chenye maji na kidoa ndani. Akakipeleka maabara, na majibu yalipotoka akatuita.

"Ni mtoto wa tegu, ile mnyoo murefu ya nguruwe."

Bibi akanigeukia. "Si nilisema!"

"Hapana, mama. Mwenye kula nguruwe haikuiva vizuri, mnyoo inakaa kwa tumbo yake. Inataga mayai, yanatoka na choo, halafu yanapita kwa mikono, kwa chakula, yanafika kwa mwingine. Huyu alimeza mayai tu. Nguruwe hakuikula."

Nililia kwa sauti mbele ya watu wote. Sikujali. Nilijisikia mwepesi, na laiti ningeweza ningemwita Nestori na Buhinyuza nzima waje wasikie.

Lakini daktari alikuwa hajamaliza. Aliuliza nyumbani tunakaa wangapi, kisha akatupatia vikopo viwili vya kuwekea choo cha kupimwa, changu na cha Bibi. Kesho yake changu kilikuwa safi. Bibi akaandikiwa vidonge vya kutoa tegu.

Baba alienda kuchukua dawa, tukabaki wawili kwenye benchi. Bibi alikuwa anaitazama mikono yake, ile iliyonikandia unga na kunimenyea viazi.

"We hauniulize?" alisema.

Nilikuwa na swali tayari, lile lile lake, na maneno yale yale.

"Kuuliza nini, Bibi?"

Alinivuta kifuani akalia mpaka kitambaa changu cha kichwa kikalowa.

Mpaka leo sijui alikula wapi. Labda ni mshikaki wa njiani asioujua, labda ni njaa ya mwaka fulani, akajua vizuri na akala. Amekwisha kufa, Mungu amrehemu. Nilienda hospitali nikiwa na hamu moja tu, niaminiwe. Nilipoaminiwa, niligundua kwamba sasa ni zamu yangu ya kuwa hakimu, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwona Bibi ananiogopa. Nashukuru kwamba hofu ile niliiacha imwishie pale pale benchini.