Mama Mkasi na Mkanda wa Goti

Miaka ishirini na tisa Mama Mkasi anakata sare za shule kwenye meza moja ndefu, na kwenye meza ile mtu hakati amekaa. Kitambaa hutandikwa, nawe unakizunguka na mkasi tangu asubuhi. Sasa goti la kulia limelika upande wa ndani, akitembea anayumba. Bosi, kijana ambaye Mama Mkasi mwenyewe alimbeba mgongoni akiwa mtoto, keshatoa kauli: "Shangazi, ukija Jumatatu unachechemea hivyo, utakaa kule pembeni ushone vifungo."

Vifungo! Mama Mkasi! Afadhali angemtukana.

Hospitalini, binti mtaalamu wa viungo alimpa mkanda wa goti, una chuma ubavuni na ukanda unaokatiza mguu mshazari. Alimweleza na sababu, ila mama yetu alikuwa anakagua ushonaji, wala hasikii. Loo, kazi gani hii? Ukanda umekwenda kombo! Nyumbani akaufumua, akaunyoosha kama rula, akaupiga mishono miwili.

Siku tatu akatembea nao, goti likazidi kuwaka moto. Mumewe akasema polepole, "Mke wangu, labda vifungo si vibaya." Alitazamwa mara moja tu, akarudi kwenye chai yake.

Ijumaa Mama Mkasi akaenda hospitali kwa shari. "Mkanda wenu haufai!"

Binti akaugeuza huku na huku, akashika kiuno. "Mama, nani kaushona huu?"

"Mimi. Ulikuwa kombo."

"Unatakiwa uwe kombo! Ukanda huo ndio unaolisukuma goti, uzito uhame pale palipolika. Wewe umeufanya soksi."

Aibu ilimshika, tusifichane. Ila Mama Mkasi akiaibika hanyamazi. "Nipe sindano," akasema. Akaketi pale pale kwenye benchi, binti akamchorea mstari kwa kalamu, naye akashona kombo kwa mkono wake mwenyewe, roho ikimuuma. Kisha akatembezwa ukumbini, kwenda na kurudi. Kuyumba kukapungua, na maumivu nayo yakapungua, ingawa hayakuisha.

"Nisikudanganye, mama," binti akasema. "Kilicholika hakirudi. Mkanda utakusaidia kutembea, hautakuponya."

"Nani kaomba kupona? Mimi nimeomba kutembea."

Jumatatu bosi alikuwa kando ya meza, kopo la vifungo mkononi. Mama Mkasi akaingia, mkanda kauvaa juu ya suruali, kila mwenye macho aone. Hakusalimu mtu. Akachukua mkasi, akaanza kukata. Kona ya kwanza ya meza akapinda, goti likamchoma, akaendelea. Kona ya pili akamkuta bosi kasimama na kopo lake.

"Sogea, mwanangu," akamwambia. "Umeniziba njia."